Wanaume na UTI isiyokwisha: kabla ya dozi nyingine, ulizeni ni kimelea gani kilichoota

Mtu wa Maabara

Ndugu wadau,

Uzi huu nauelekeza kwa wanaume waliokwisha kumaliza dozi tatu, nne au zaidi za dawa za UTI, na bado mkojo unawachoma, usiku wanaamka mara kwa mara kwenda msalani, na wanasikia maumivu mazito kwenye msamba, yaani kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ambayo hawajui hata wamweleze nani. Kazi yangu ni ya maabara katika hospitali ya wilaya. Siandiki dawa, na sitamwandikia mtu dawa humu. Ninachokifahamu ni kikombe cha mkojo: kinaweza kusema nini, hakiwezi kusema nini, na kwa nini majibu yake husomwa kwa namna inayomfanya mwanaume asiye na bakteria hata mmoja aitwe mgonjwa wa UTI sugu kwa miaka.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanaume hukaribia sentimita 20, na safari hiyo ndefu ni kinga kubwa dhidi ya bakteria wanaotoka nje. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 au 35 asiye na mawe, asiye na kisukari na ambaye hajawahi kuwekwa mpira wa mkojo, akiambiwa kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja kwamba ana UTI, jambo la kwanza kutafuta lisiwe dawa iliyo kali kuliko ya mara iliyopita. Kwanza ijulikane kama kweli ni UTI, na ikiwa ni kweli, bakteria hao wanajificha wapi kila wanapopigwa dawa.

Wengi wenu mmepimwa kwa kijiti na kwa hadubini, basi. Kijiti huonyesha dalili za seli nyeupe, naitraiti, damu, protini na sukari. Hadubini huhesabu seli za usaha. Vipimo hivyo vina thamani yake, lakini havitaji jina la kimelea na haviwezi kusema ni dawa ipi itakayokiua. Tena kikombe kilichokaa mezani saa tatu katika joto la Dar es Salaam si mkojo uleule uliotoka mwilini, kwa sababu bakteria aina ya E. coli akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mkojo unatakiwa ufike maabara ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye jokofu, na uwe ule wa katikati, baada ya kuuacha wa mwanzo uende zake. Ukikinga wa mwanzo bila kujisafisha, mimi nitaona bakteria wa ngozi yako, nitaandika kuwa wapo, na mtu wa dirisha la dawa atakupa vidonge. (Wengine huambiwa wana UTI na taifodi siku moja, kwenye karatasi moja, hilo la taifodi linastahili uzi wake.)

Kipimo kinachotakiwa ni kuotesha mkojo, yaani kuuweka kwenye sahani ya maabara ili bakteria waliomo waote na kuonekana. Huchukua siku mbili hadi tatu, gharama yake ni kubwa kuliko kijiti, na hakipatikani katika kila kituo, ila hospitali kubwa za rufaa wanacho. Kikikamilika hutoa jina la kimelea, wingi wake, na orodha ya dawa zinazokiua na zisizokiua. Sharti lake ni moja ambalo huvunjwa kila siku: mkojo uchukuliwe kabla ya kumeza dawa. Mtu anayeanza vidonge Jumatatu na kuleta mkojo Jumatano ananiletea mkojo wenye dawa ndani yake, na hauoteshi kitu hata kama bakteria wapo. Katika sehemu zetu hizi E. coli wengi hawazisikii tena ampisilini na kotrimoksazoli, na hata sindano ya seftriaksoni, ambayo mitaani imekuwa jibu la kila kitu, haina uhakika iliokuwa nao zamani. Kuchagua dawa kwa kubahatisha katika hali hiyo ni kumpa kimelea nafasi ya kujifunza.

Sasa tuingie kwenye tezi dume. Tezi hii hukaa chini ya kibofu ikiuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Ugumu wake ni kwamba dawa nyingi haziingii ndani yake vizuri. Nitrofurantoini, kwa mfano, hujikusanya kwa wingi kwenye mkojo na kuusafisha, lakini kwenye nyama ya tezi haifiki kwa kiasi cha kutosha. Amoksisilini nayo haina nguvu huko uvimbe wa mwanzo unapokuwa umetulia. Dawa za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini, pamoja na trimethoprimu, ndizo zinazopenya vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo maambukizi ya muda mrefu ya tezi dume yaliyothibitishwa hutibiwa kwa wiki 4 hadi 6, na yule anayepewa vidonge vya siku tano hupata nafuu ya wiki mbili kisha anarudi palepale. Alama ya ugonjwa huu ni kwamba kila mkojo unapooteshwa huota kimelea kilekile. Leo akiota E. coli, baada ya miezi mitatu akaota mwingine kabisa, tuanze kushuku mawe, mkojo unaobaki kibofuni, au namna mkojo unavyokingwa.

Kipimo cha kutofautisha bakteria wa kibofu na wa tezi kimekuwapo tangu 1968, kilipoelezwa na Meares na Stamey wa Marekani. Hukingwa vikombe vinne: mkojo wa mwanzo, mkojo wa katikati, majimaji yanayotoka daktari anapoikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na mkojo wa kwanza baada ya kukandwa. Siku hizi wengi hutumia vikombe viwili tu, kabla na baada ya kukandwa, na ikiwa bakteria wa kikombe cha baadaye ni mara kumi ya wale wa kwanza, tezi ndiyo maficho. Nawaomba wanaume wenzangu wasikimbie kidole cha daktari, kwani nimeona watu waliokubali sindano nyingi mfululizo lakini wakakataa uchunguzi wa dakika moja. Isipokuwa jambo moja: mwenye homa kali, anayetetemeka, na mkojo umegoma kutoka, huyo ana maambukizi ya ghafla ya tezi, asikandwe, maana bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Huyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Mwaka 1995 wataalamu walioitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliligawa tatizo la tezi dume katika makundi manne: maambukizi ya ghafla ya bakteria, maambukizi ya muda mrefu ya bakteria, maumivu ya muda mrefu ya nyonga yasiyo na bakteria, na uvimbe wa tezi usio na dalili unaogunduliwa kwa bahati. Kundi la tatu, ambalo kipimo chake ni maumivu ya angalau miezi mitatu ndani ya miezi sita, ndilo lenye wagonjwa karibu wote. Hukadiriwa kuwa asilimia 90 au zaidi ya wanaume wanaolalamikia dalili hizi. Wanapata kuchomwa, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya msamba, ya korodani, ya kiunoni, na mara nyingi maumivu baada ya kutoa shahawa. Wakipimwa vizuri, hakuoti kitu. Wakipewa antibayotiki, wengine huapa kwamba walipata nafuu, nami siwabishii, kwa kuwa dawa za jamii ya siprofloksasini hupunguza kidogo uvimbe hata pasipo bakteria, na maumivu yenyewe hupanda na kushuka yapendavyo. Nafuu hiyo ndiyo mtego, kwa sababu maumivu yanaporudi mtu husema ugonjwa umekuwa sugu na sasa anahitaji dawa kali zaidi.

Jambo hili lilipimwa. Utafiti uliochapishwa 2004 uliwagawa wanaume 196 wa kundi hilo la tatu, wengi wao wakiwa wameshatibiwa mara nyingi, katika mafungu manne kwa wiki sita: siprofloksasini, tamsulosini inayolegeza misuli ya shingo ya kibofu, zote mbili kwa pamoja, na vidonge visivyo na dawa. Mwisho wake hakuna fungu lililowashinda kwa maana yoyote ya kuridhisha wale waliomeza vidonge vitupu. Ukimwonyesha mgonjwa matokeo hayo hukasirika, kwa sababu anahisi anaambiwa maumivu yake ni ya kujitungia. Maumivu ni ya kweli kabisa. Mara nyingi chanzo chake ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza na mishipa ya fahamu iliyobaki na hofu baada ya ugonjwa uliokwisha kupita, na hivyo vyote havisikii antibayotiki.

Karibuni kwa maswali, ila majina ya hospitali na ya madaktari tuyaache pembeni.

Kijana wa Tandika

Asante kwa uzi huu, mkuu. Mimi nina miaka 31. Mwanzo wa yote ni kwamba nilikutana na mtu bila kinga, baada ya siku chache nikatokwa na usaha. Nilichomwa sindano, nikapewa na vidonge, usaha ukakauka. Tangu hapo mrija unawasha na asubuhi kunakuwa na tone la ute mwepesi. Nimeotesha mkojo kama ulivyosema, hakuna kilichoota. Je, na mimi niko kundi la tatu?

Mtu wa Maabara

Ndugu yangu, usijiweke huko mapema. Sahani zetu za kuoteshea mkojo hazioti kila kitu. Klamidia haioti humo, na *Mycoplasma genitalium*, kimelea kilichogunduliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wanaume waliokuwa na malalamiko kama yako, huota polepole mno hata maabara ya kawaida haimtafuti kwa njia hiyo. Huyo hana ukuta wa seli, kwa hiyo dawa zinazovunja ukuta, kama amoksisilini na seftriaksoni, hazimgusi. Na zile azithromaisini za vidonge vitatu ameshazizoea sehemu nyingi duniani, mara nyingi hazimuui tena. Kinachomwona ni kipimo cha vinasaba. Kuna pia trikomona, ambaye si bakteria na huhitaji metronidazoli au tinidazoli.

Sindano na vidonge ulivyopewa vilifuata utaratibu wa kutibu kwa dalili, na utaratibu huo una heshima yake: utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kwa njia hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi. Ila utaratibu huohuo unamtaka mtu ambaye dalili hazijaisha arudi kituoni. Haumtaki aende duka la dawa kuanza upya. Rudi, useme wazi kwamba ute bado upo, pima VVU na kaswende, na mwenzi wako atibiwe wakati mmoja nawe, la sivyo mtaambukizana kwa zamu.

Mpwa wa Rufiji

Habari za humu. Nimekulia mtoni na tumeoga na kuvua huko tangu utotoni. Mkojo wangu huanza mweupe, ila matone ya mwisho yana damu. Mara mbili nimeona na shahawa zina rangi ya kutu. Nimeandikiwa dawa za UTI hadi nimechoka.

Mtu wa Maabara

Kaka, kwa maelezo hayo mimi ningeanza na kichocho cha mkojo kabla ya bakteria yeyote. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake hutoboa ukuta wa kibofu yakitoka, ndiyo damu unayoiona mwishoni. Mayai hayo hukwama pia kwenye tezi dume na kwenye vifuko vya shahawa, na hapo ndipo rangi ya kutu inapotokea. Ugonjwa huu uko Unguja na Pemba, uko ukanda wa pwani wa Tanzania na wa Kenya, uko Shinyanga na Simiyu, na maeneo mengine mengi yenye konokono wa maji yasiyokwenda kasi.

Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kutembea kidogo kabla ya kukojoa husaidia. Leteni mkojo wa muda huo, na hapa ule wa mwisho ndio wenye mali, kinyume na nilivyosema kuhusu kuotesha. Maabara huchuja mililita 10 na kutafuta yai lenye mwiba nchani. Hata hivyo kwa mtu mzima aliyeugua muda mrefu mayai yanaweza kuwa machache, kwa hiyo jibu moja lisilo na mayai halimalizi mashaka. Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Huua minyoo mikubwa lakini haiui ile michanga, ndiyo maana wakati mwingine hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Baada ya hapo, omba kupigwa picha ya kibofu na figo kwa ultrasaundi, kwa kuwa kichocho kilichoachwa miaka mingi huharibu mirija ya figo na huweza kuleta saratani ya kibofu. Damu kwenye mkojo wa mwanaume mtu mzima haitakiwi kuitwa UTI na kuachwa hapo.

Tabibu Mstaafu

Vijana wangu, nimefurahi kuona mambo haya yanazungumzwa bila aibu. Naongeza mawili kutoka chumba cha kuonea wagonjwa.

La kwanza, angalieni mkondo wa mkojo wenu. Ukiwa mwembamba, unagawanyika, au unalazimika kusukuma, fikirini kusinyaa kwa mrija, hasa kama uliwahi kuugua kisonono zamani au kuwekewa mpira wakati wa ajali au upasuaji. Mkojo ukibaki kibofuni, hakuna antibayotiki itakayouzuia usioze. Kwa waliovuka miaka 50, kukua kwa tezi dume huleta hali hiyohiyo. Tiba ya mrija uliosinyaa iko mikononi mwa daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, na kila mwezi unaopotea kwa vidonge unaongeza kovu.

La pili, kifua kikuu huweza kukaa kwenye figo, kibofu na tezi dume bila kikohozi hata kimoja. Karatasi ya maabara itaonyesha seli nyingi za usaha, halafu kwenye sahani hakuoti kitu. Mkiona karatasi ya namna hiyo zaidi ya mara moja, ulizeni kuhusu TB. Nawatahadharisha pia kwamba siprofloksasini na levofloksasini hupunguza makali ya TB kwa muda bila kuiponya, kwa hiyo mtu anayezimeza kila mara huufunika ugonjwa na kuchelewesha utambuzi. Dawa hizohizo huweza kudhuru kano, hasa ile ya kisigino, na mishipa ya fahamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali zaidi kuhusu hilo mwaka 2016. Si dawa za kuweka mfukoni.

Mtu wa Maabara

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Hilo la seli za usaha bila kuota kitu nililiruka, na ni zito. Kwa upande wa maabara, mkojo unaweza kupimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, ile inayotumika kwa makohozi, ila lazima fomu iseme kwamba TB inashukiwa. Sisi hatuipimi kwa hiari yetu.

Baba wa Watatu

Mimi nina miaka 54. Nilikuwa na homa na maumivu ya tezi, nikapimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, wiki hiyohiyo ikatoka juu sana, na sasa nyumbani wote wanalia kwamba nina saratani.

Mtu wa Maabara

Pole sana. PSA hupanda tezi inapovimba kwa maambukizi, na inaweza kupanda sana, kisha ikashuka taratibu. Kipimo kilichochukuliwa katikati ya homa hakiwezi kutumika kusema una saratani, wala hakiwezi kusema huna. Maliza tiba, kisha daktari wako apange kurudia baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Ikibaki juu, hapo ndipo uchunguzi wa saratani uendelee bila kuahirishwa. Waambie nyumbani hivyo.

Dereva wa Masafa

Mimi nimepimwa vyote mlivyovitaja. Hakuna kilichoota, hakuna kichocho, hakuna TB, mrija uko wazi, sukari iko sawa. Naendesha gari la mizigo, nakaa saa nyingi, na jioni msamba unawaka moto. Ndugu zangu wananinunulia mbegu za maboga na dawa za mitishamba. Nifanye nini?

Mtu wa Maabara

Mbegu za maboga kula kama chakula, hazina ubaya. Mitishamba isiyojulikana kipimo chake iache, hasa kwa ajili ya figo.

Kwa maelezo yako, wewe ndiye mtu wa kundi la tatu, na habari njema ni kwamba vipimo vimekwisha kuondoa yale ya kuogopesha. Madaktari siku hizi hawatafuti kidonge kimoja. Hukagua ni sehemu gani inayokusumbua zaidi, kisha hutibu hiyo. Mwenye mkojo unaosuasua anaweza kufaidika na tamsulosini. Mwenye misuli ya nyonga iliyokaza hupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kujifunza kuilegeza. Hapa angalieni sana, kwa sababu mitandaoni wanaume hufundishwa mazoezi ya kuikaza misuli hiyo, na kwa mwenye maumivu ya namna hii mazoezi hayo huweza kumzidishia. Kukaa kwenye maji ya uvuguvugu, kusimama na kutembea kila unapopumzika safarini, na kupunguza kahawa, pombe na pilipili ikiwa unaona vinakuchokoza, ni mambo yanayowasaidia wengi. Usingizi na mawazo navyo vina sehemu yao. Mtu anayeamini kila asubuhi kwamba ana ugonjwa usiotibika hukaza mwili mzima bila kujua.

Dereva wa Masafa

Nimeelewa, mkuu. Mwezi ujao nina miadi na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Nibebe nini?

Mtu wa Maabara

Beba majibu yote ya kuotesha mkojo, hata yale yasiyoonyesha kitu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayomzuia asianze upya. Andika kila dawa uliyomeza, kwa siku ngapi, na kama uliimaliza. Kwa siku tatu mfululizo kabla ya miadi, andika saa uliyokojoa na kiasi, ukipima kwa chupa yenye alama za mililita, pamoja na ulichokunywa na saa uliyolala. Usimeze antibayotiki yoyote kabla ya siku hiyo bila yeye kujua, na ukifika kibofu kiwe kimejaa kiasi, kwa sababu huenda akataka kuona mkondo wako na kupima kwa ultrasaundi mkojo unaobaki.